Bustani ya Jamii

Tangu saa moja asubuhi Odeta alikuwa anakanyaga udongo nyuma ya jengo la makumbusho, sketi ameifunga magotini, nyufa za visigino zikimwasha kwa samadi. Bomba lililokuwa karibu lilikuwa la kumwagilia maua na aliambiwa asiliguse. Maji aliyachota chooni, ndoo kwa ndoo, na kila alipopita mlangoni mlinzi alimkumbusha kufuta miguu.

Samadi yenyewe alikuwa amekuja nayo kutoka Buhongwa, gunia zima, kwenye bodaboda. Dereva alilalamikia harufu njia nzima.

Ilikuwa siku ya kwanza ya Wiki ya Ujenzi wa Kijani. Ndani ya ukumbi wa vioo watu walikuwa wakifundishwa namna ya kuokoa nishati, na nje jenereta lilikuwa likinguruma ili viyoyozi vinne visizimike. Saa nne wakatoka, wamevaa fulana zilizoandikwa *Nyumba Inayopumua*, kila mmoja na chupa yake ya maji, wakauzunguka ukuta mfupi wa fito uliosimamishwa kwa ajili ya maonyesho. Nathaniel Bagenda, mratibu wa programu za umma, akashika kipaza sauti. Alikuwa mtu wa Bukoba aliyesoma nje, akarudi na Kiswahili cha semina.

"Huyu ni Mama Odeta wa Mkolani," alisema. "Miaka thelathini anakandika nyumba kwa mikono yake. Udongo, nyasi, samadi. Mchana ukuta wake unapoza, usiku unatunza joto. Wenzangu, wataalamu tunawatafuta mbali wakati tunao hapa."

Wakapiga makofi. Kisha wakavaa glavu na kuomba kujaribu. Mama mmoja mwenye saa ya dhahabu alibandika donge la ukubwa wa andazi, akapigwa picha, donge likadondoka. Odeta akaliokota, akalirudisha. Mpiga picha alimwambia acheke, akacheka. Baadaye ilipitishwa karatasi ya mahudhurio, na yeye akaandika jina lake polepole, kwa herufi alizofundishwa ukubwani.

Wageni walipokwenda kula, aliomba aonyeshwe kile kilichokuwa kimewekwa ndani. Nathaniel akampeleka kwenye meza iliyofunikwa kioo. Chini ya kioo kulikuwa na mfano wa mtaa: kilima kidogo, mawe ya plasta, vinjia na vimiti vya sponji. Odeta aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Haya mawe yaliyobebana nayajua," alisema. "Ni Mkolani. Mimi nakaa chini yake."

"Umeona, mama. Huu ndio Mtaa wa Kijani utakaojengwa. Wenzetu wa mradi wametuletea tuuonyeshe."

"Kwangu kuko wapi?"

Nathaniel aliangalia. "Hapo ni bustani ya jamii."

"Jamii gani?"

"Jamii ya pale pale. Ninyi."

"Na sisi tutalala wapi?"

"Hilo ni la watu wa mradi, mama. Sisi makumbusho tunaelimisha tu." Akampa fulana. Ilikuwa ya kumtosha mtoto wa darasa la tatu.

Wiki tatu baadaye alirudi kutoka kuteka maji akakuta ukuta wake umechorwa X nyekundu. Rangi ilikuwa bado mbichi, inachuruzika juu ya michoro aliyoichora kwa vidole mwaka ule alipofiwa na mumewe.

Ofisi ya mradi ilikuwa barabarani, ghorofa ya pili. Afisa aliyemkuta, Machibya, alikuwa na umri wa mwanawe wa mwisho. Odeta alimsalimia Kisukuma, kwa kuwa jina lile lilimtia moyo.

"Mwangaluka."

"Sema shida yako, mama," Machibya alijibu kwa Kiswahili. Shikamoo hakuitoa.

Akasema. Machibya alisikiliza huku akiperuzi simu.

"Fidia ni ya nyumba," alisema mwishowe. "Ya kwako imeandikwa kibanda cha udongo. Vifaa duni. Kwenye tathmini haina thamani."

"Makumbusho walisema ni utaalamu."

"Makumbusho kazi yao ni vitu vya kale."

"Na hakuna aliyetuuliza."

Hapo Machibya akaweka simu chini. Alifungua jalada, akaligeuza upande wa Odeta. Kichwa cha ukurasa kilisema wakazi wameshirikishwa kikamilifu. Chini yake kulikuwa na nakala ya ile karatasi ya mahudhurio, jina lake likiwa la kumi na saba, na picha yake, udongo hadi viwikoni. Maelezo ya picha yalisomeka: *Mkazi wa Mkolani akifurahia mradi.*

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi."

"Unacheka."

"Niliambiwa nicheke."

"Hilo halionekani kwenye picha," Machibya alisema, akafunga jalada.

Odeta alikwenda makumbusho siku hiyo hiyo. Nathaniel alikuwa akipakia sanduku kwenye gari. Alikuwa na mkutano Nairobi kuhusu miji na urithi. Alisikitika kwa sauti nzuri. Ile karatasi, alieleza, ilikuwa ya mfadhili, na ikishatoka kwao hawajui inakwenda wapi. Angelifuatilia jambo hilo. Akatazama saa, akaingia garini.

Katapila lilikuja Alhamisi. Machibya alisimama kando na kofia ngumu kichwani. Vifaa duni havikuanguka kwa msukumo wa kwanza, wala wa pili. Dereva alirudi nyuma mara nne, na ya nne ukuta ukalala wote pamoja, kama ng'ombe. Odeta alikuwa amekaa juu ya godoro lake kando ya njia, sufuria mapajani. Hakulia. Alikuwa akitazama jinsi udongo ulivyoshikana hata chini.

Akapanga chumba Buhongwa, cha bloku na bati, ambacho mchana hakikuwa kinakalika. Mradi ulipotangaza vibarua vya kumwagilia miti, waliobomolewa wakipewa kipaumbele, alijiandikisha wa kwanza. Bustani ilikuwa imezinduliwa. Wakubwa walikuwa wamepanda miche, kila mche na kibao cha jina.

Mche wa mgeni rasmi ulikauka mwezi wa pili baada ya uzinduzi.

"Huu umekufa," Odeta alimwambia Machibya. "Tuung'oe, tupande mwingine."

"Mwingine hakuupanda yeye."

"Lakini umekufa."

"Mama, soma kibao. Mimi niende nikamwambie mti wake umekufa? Mwagilia."

Akamwagilia. Kila asubuhi alipanda kilima na ndoo kichwani, na mche huo ndio alioagizwa kuanza nao.

Jumamosi moja Nathaniel alileta kundi la wageni kutembelea bustani. Alimwamkia Odeta kwa heshima, akaendelea na maelezo yake. Msichana mmoja wa chuo aliuliza kama zamani watu waliishi pale.

"Hapakuwa na makazi rasmi," Nathaniel alisema.

Wageni wakaandika. Odeta, hatua mbili kutoka kwao, aliinamisha ndoo kwenye shina kavu. Maji hayakuingia ardhini. Yalizunguka kibao, yakateremka mteremko kuelekea barabarani. Akaenda kuchota mengine.