Watu wa Kifaru cha Mzee Okumu

Mimi ndiye niliyewachoma watu wanne wa Mzee Okumu. Niliwachoma mchana, pamoja na maboksi na maganda ya ndizi, huku napiga mluzi.

Kazi yangu ni kuvusha mizigo ya watu hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na diploma ya forodha ninayo, imetundikwa ofisini. Hapa, kitu kidogo unakivua nguo kabla hujakivusha: boksi tupa, sponji tupa, nailoni tupa, kipite kama kitu cha nyumbani. Miaka kumi na tisa nimefanya hivyo. Mikono inavua yenyewe, mdomo unapiga stori.

Mzigo wa Mzee ulitumwa na binti yake Roselyn kutoka Nairobi. Nikaona chupa ndogo za rangi, brashi na lenzi. Pia vifuko viwili vya vipande vya kijivu, kama chingamu iliyotafunwa ikakauka. Nikasema hii ni takataka ya kiwandani. Motoni.

Nikampelekea mwenyewe mpaka kwake Kisoko, upande wa Uganda. Mzee alikuwa dereva wa kifaru jeshini, na mezani kwake kulikuwa na kifaru alichounda mwaka mzima, kinaenea kiganjani, kila nati ipo. Lakini juu kilikuwa kitupu.

"Bwire, watu yangu iko wapi?"

"Watu gani, Mzee?"

"Wanne. Mimi na wenzangu. Na mizigo yetu, madumu, blanketi, turubai, sufuria. Wewe nafikiri tulikuwa nakula risasi?"

Nikacheka. Halafu nikakumbuka vile vifuko viwili vya kijivu.

"Hawakuweka, Mzee," nikasema. "Labda Roselyn amesahau."

Ulimi huu!

Jioni Roselyn akanipigia. "Anko Bwire, Baba amenigombeza mpaka nimelia. Niliwafunga kwa mikono yangu! Nimewatafuta miezi minane, na aliyeniuzia alikuwa na seti moja tu. Daktari anasema kufika Desemba Baba hataona tena sura ya mtu. Alitaka awapake rangi nyuso wale watatu, kwa sababu hawakurudi kutoka vitani."

"Pole, mama," nikasema. Basi. Hilo tu.

Wiki mbili nikazunguka kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Malaba nikapata askari wa plastiki, mmoja mkubwa kuliko kifaru chenyewe. Watu wa Mzee walipaswa kuwa kama pingili ya kidole gumba. Annet, anayeuza mapambo ya keki sokoni, akanitolea bwana na bibi harusi.

"Chukua hawa, shemeji. Wadogo wote wameisha."

"Hawa wakipanda, kifaru ndicho kitaolewa."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nikaondoka na koleo yake ya kupangia shanga.

Mizigo niliiweza. Madumu nilikata kwenye mpini wa mswaki. Blanketi, karatasi ya kifuko cha majani ya chai, nikaikunja na kuifunga uzi. Sufuria, kifungo cha chuma. Lakini mtu hanikubali. Nilichonga mmoja kwa sabuni ya mche, akatoka kiazi chenye kofia.

Jana nikarudi Kisoko. Mzee akachukua lenzi, akasogeza blanketi karibu na jicho mpaka likagusa kope.

"Hii imefungwa vizuri. Roselyn ametuma?"

"Nimetengeneza mimi."

"Na watu?"

Nilikuwa na utani mdomoni, tayari kabisa. Nikaumeza.

"Mzee, Roselyn aliwatuma. Nilidhani ni takataka, nikawachoma. Halafu nikamsingizia mtoto wako."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Alitaka kuliweka blanketi nyuma ya mnara wa kifaru, akapapasa, akaikosa nafasi, akapapasa tena. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. Kuku aliingia, akatoka. Mzee akaugeuza mzinga wa kifaru kwa ncha ya kidole, polepole, mpaka ukaangalia ukutani.

Nikatoa kile kiazi cha sabuni mfukoni, nikakiweka mezani, na kisu pembeni.

"Nitachonga hata mia, Mzee, mpaka wakubali. Ila mimi sikuwaona. Niambie tu, huyu wa kwanza alikuwa na sura gani?"

Akaendelea kuangalia kifaru.

"Anza na yeyote, Mzee. Alikuwa anakaaje?"