Ghasia ya Kaburini Sindeni

Akida Mwinjuma, mtu wa pwani aliyeletwa Handeni kuwasimamia Wazigua kwa niaba ya Wajerumani, aliamini kwamba jambo halijatokea sawasawa mpaka lipewe jina. Lile lililotokea Sindeni, katika mazishi ya mzee Hiza, alilipa jina la ghasia. Mwaka ule habari za vita vya kusini zilikuwa zimekwisha kufika bomani, na kwa neno hilo moja mtu aliweza kuchapwa viboko na kupelekwa Pangani kwa minyororo.

Mshtakiwa wa ghasia hiyo aliitwa Sadala, Mnyamwezi aliyekuja na misafara ya wapagazi akalowea Korogwe. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na mtani hana budi kuharibu mazishi. Sadala aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu. Alimsema marehemu kwa uvivu, akaipindua mitungi ya maji, kisha akashuka kaburini, akajinyoosha, akatangaza kwamba nafasi imekwisha kujaa. Desturi ilitaka apewe kuku ndipo atoke. Askari mmoja mgeni, aliyekuwa akipita na bunduki yake, alimtoa bure.

Kesi ilisikilizwa bomani. Bwana mkubwa, Mjerumani aliyejua Kiswahili cha kutosha kuhukumu lakini si cha kutosha kutania, alitaka kwanza aelezwe maana ya ghasia. Akida alisimama kwa furaha. Alisema asili yake ni kwa Waarabu, kwamba ni jambo linalowafunika watu wasijue mbele wala nyuma, akalifuata neno hilo jangwani, baharini na sokoni Pangani mpaka walinzi wakasinzia. Hakuna aliyekuwa na njia ya kumpinga, na elimu ya namna hiyo hustawi mahali pa namna hiyo.

Hamisa, mjane wa marehemu, aliyetoka edani kwa ruhusa ya siku hiyo tu, aliomba kusema. Alieleza kwamba zamani babu zake na babu za Sadala walipigana kweli, kwa mikuki, kwenye njia za misafara. Walipochoka waliafikiana kwamba watoto wao wataendelea kwa matusi.

"Ghasia ilikuwa ile," alisema. "Hii ya sasa tumeifuga."

Bwana mkubwa akaamuru jambo hilo lithibitishwe. Mtuhumiwa amtanie mjane palepale. Mjane akikasirika, basi ni ghasia, na adhabu yake inajulikana.

Sadala alikitazama kiboko kilichotundikwa ukutani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba. Marehemu alikuwa mtu mwema."

Hamisa alikunja uso. Tangu azaliwe hajapata kuvunjiwa heshima namna ile na mtani. Akida alimwonyesha bwana mkubwa kwamba mjane amekasirika, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, na askari akanyoosha mkono kukitungua kiboko.

"Mwema?" Hamisa aliuliza. "We mbeba mizigo ya watu, miaka yote mume wangu amekuita mwizi wa kuku, leo ndiyo umwite mwema? Au mle kaburini ulimwachia na ulimi wako?"

Sadala alimtazama mjane, akakitazama kiboko, akamrudia mjane.

"Nilimwonea huruma," alisema. "Nilipolala mle nikaona panakalika kuliko kwako. Ndipo nikajua kwa nini ameharakisha."

Hamisa alicheka mpaka kaniki ikamdondoka kichwani, akalia kidogo, akacheka tena. Hakuwa amefanya hata kimoja tangu maziko. Bwana mkubwa alisubiri amalize, kisha akasema sheria yake haiijui ghasia inayomchekesha aliyetendewa, na Sadala afunguliwe. Akida aliomba kuongeza maelezo machache kuhusu asili ya neno. Aliambiwa aketi.

Mchana ule Sadala alishika njia ya Korogwe, akimchambua marehemu kwa sauti hatua kwa hatua. Hamisa alimsindikiza hadi nje ya lango la boma, akimhimiza apunguze mwendo, kwa kuwa lile tusi la mwisho hakulisikia vizuri.