Mwanamke Aliyetoka Chini ya Viazi

Alhamisi saa nne asubuhi, jembe la Chepkemboi liligonga mfupa wa paja katika shamba la viazi la shemeji yake, Kipkirui, kule Kuresoi. Aliuvuta. Mifupa mingine ikafuata, kisha mwanamke mzima akaketi juu ya tuta na kujikung'uta udongo. Aliposimama, alikuwa mrefu kuliko mlango wa stoo, na meno yake yote thelathini na mawili yalikuwa mahali pake.

"Habari ya asubuhi, kogo," Chepkemboi alisema, kwa kuwa mtu aliyekufa kabla ya majembe kufika lazima awe nyanya wa mtu.

Kogo alimsogelea Chepkemboi. Alimfungua mdomo, akahesabu meno: kumi na tisa. Akapapasa mgongo uliopinda. Kisha akamtazama binti wa Chepkemboi, Joan, aliyekuwa akijaza ndoo. Joan ana miaka kumi na minne. Wageni humdhania ni wa darasa la tatu.

"Mnakula nini?"

"Viazi."

"Na asali? Na nyama?"

Chepkemboi alionyesha seng'enge. Mume wake alipofariki, Kipkirui alizungushia kilima chao chote seng'enge, akakata miti ya mizinga yao, akapanda viazi. Tangu hapo mama na binti walimlimia, na ujira wao ulikuwa vile viazi vidogo ambavyo lori la Nakuru hukataa. Daktari alikuwa ameandika kwamba Joan apewe nyama na matunda.

"Nipe jina la mwenye seng'enge," kogo alisema.

Chepkemboi angeweza kunyamaza. Huyo alikuwa ndugu wa marehemu, na mzee wa kanisa.

"Kipkirui," akasema. Akarudia polepole, kusiwe na makosa.

Kogo alienda akaketi kwenye kochi la Kipkirui. Mke wa Kipkirui akamletea chai, hakuinywa. Kesho yake Kipkirui aliamka amepungua upana wa kidole, na jino moja lilikuwa kwenye mto. Ikawa hivyo kila siku mpaka meno yakaisha, na kupungua kukaendelea. Fundi alikata suruali zake mara nne. Kanisani walimwekea kreti ya soda ya kusimamia. Daktari aliandika apewe nyama na matunda.

Chepkemboi alimpima kwa alama za makaa kwenye mlango wa stoo. Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, alisimama akazitazama, na moyo wake ulikuwa mtamu. Siku ambayo Kipkirui alimfika kiunoni, alipika chapati.

Jumanne moja Kipkirui alikuja shambani mwenyewe, akamshika sketi.

"Mama Joan, tafadhali, ongea na huyo mgeni wako."

"Fungua kilima, shemeji."

Kipkirui alifikiria. Alifikiria kwa muda mrefu, na machozi yalimtoka.

"Lori inakuja Ijumaa," akasema mwishowe. "Kesho tunavuna, saa moja. Msichelewe."

Akaondoka kupitia shamba la pili, ambako mimea ya viazi ilikuwa imempita kimo. Ilitikisika pale alipopita, kisha ikatulia.

Joan alikuwa amesikia yote.

"Mama, akiisha kabisa, mimi nitarefuka?"

Chepkemboi hakuwahi kumdanganya mtoto huyu.

"Hapana."

Joan aliinua ndoo.

"Sawa," akasema. "Wacha aishe."