Simu Iliyoandika Dharura Pekee

Daphine aliporudi kutoka hospitali na mtoto wake, mumewe Eriku alichinja mbuzi akaalika majirani. Na mimi nilikwenda. Nilitaka kumwona kwa macho yangu mwanamke aliyevuja damu kama mke wangu Akongo, halafu yeye akapona.

Alikuwa amenenepa. Eriku anamshikia hata kikombe. Nikageuza uso.

"Eriku, hebu tuambie ilikuwaje!" watu wakadai.

"Netiwaki ya Uganda ilikuwa imekufa. Na munajua sisi wa hapa mpakani tunafunga simu isishike mnara wa Kenya, itakula salio. Basi ikaandika dharura pekee. Nikabonyeza 112, ikapita. Gari ya hospitali ikakuja."

"Bila salio?"

"Bila salio! Mnara wa wengine unakubeba kama ni hatari. Mwenyekiti ndiye alinifundisha."

Mwenyekiti wa kijiji akatabasamu, midomo inang'aa mafuta. Watu wa simu walimpeleka semina, akanywa soda zao, akarudi akamwambia rafiki yake mmoja basi.

Mwaka jana simu yangu iliandika maneno hayo hayo. Nilidhani serikali imefunga laini yangu, kama walivyofungia wale ambao hawakusajili. Nikaizima, nikamfunga Akongo kwenye baiskeli kwa leso mbili. Hatukufika kwa daktari Malaba.

Nikasimama. "Mwenyekiti, hiyo semina ilikuwa lini?"

"Eee, mzee Okurut. Sasa ni miaka miwili."

"Miaka miwili! Mimi mbona hukuniambia? Mke wangu hakuwa mtu?"

Mwenyekiti akarudisha nyama kwenye sahani. Nilimwona anatoka jasho, nikasikia raha.

Ndipo Daphine akauliza polepole, "Mzee, kwani siku ile simu yako iliandika nini?"

Wote wakanitazama. Eriku pia, mkono wake uko begani mwa mkewe. Nikisema ukweli, watajua kwamba mimi na yeye tulishika kitu kile kile, yeye akabaki na mke na mimi nikabaki na kaburi.

"Haikuandika kitu," nikasema. "Chaji ilikuwa imeisha."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Aa, pole sana, mzee wangu. Basi hapo hata ningekufundisha, ingesaidia nini?"

"Pole, pole," watu wakaitikia.

Mwenyekiti akaomba chumvi.