Sindano ya Fundi Viatu

...na hiyo tai imekaa upande, koplo anaona kupitia lenzi kwamba imekaa upande lakini hasemi, maana kusema ni kusogea na kuigusa shingo ile, na leo mikono yake haina adabu, tangu asubuhi inawaza mambo yake yenyewe, stendi ya kamera ni ya chuma, kilo nne na ushei, ukiikamata miguuni ukaizungusha kutoka begani, kichwa cha stendi kinaingia mdomoni mwake kabla mtu hajasema lo, meno yote meupe yale yanamwagika zuliani, halafu unarudia, unarudia mpaka mdomo unakosa umbo... "Kidevu juu kidogo, Mkuu," anasema, na Mkuu wa Polisi wa mji huu, ambaye kwa miaka kumi na miwili koplo hajawahi kumwona bila magwanda, anainua kidevu kwa utii kama mtoto wa shule, amekaa kwenye kiti cha ofisi yake mwenyewe mbele ya shuka jeupe lililopigiliwa ukutani, suti ya kijivu, mpya kabisa, kikaratasi cha bei bado kinachungulia kwenye mkono wa koti, na redio juu ya kabati inauliza kile ambacho mji mzima unauliza, atagombea au hatagombea, mpiga simu wa kwanza anasema huyo ndiye dawa ya manispaa hii, wa pili anasema dawa gani, huyo ni mu... na simu inakatika, "Mimi? Siasa?" Mkuu anaijibu redio, "mimi mtu wa amri bwana, siasa nitazijulia wapi," na shemeji yake, kaka wa mkewe, mwalimu mstaafu mwenye brashi ya nguo mkononi, anacheka kuzidi kichekesho chenyewe, "Hii ni ya kitambulisho tu, koplo," anasema, "ila itoke safi, tutaikuza kidogo," kidogo kiasi gani, "Kama mlango hivi," kitambulisho cha ukubwa wa mlango, makubwa, kitaingia mfuko gani hicho, na jana mke wa koplo naye aliuliza, akikunja nguo kitandani, "Wewe unayemwona kila siku, eti ni kweli anautaka umeya?" akamjibu mimi naona maiti kila siku, Mkuu namwona mara mojamoja, wala hakumdanganya, ndiyo kazi yake kikosini, mpiga picha wa matukio, aliyegongwa yeye, aliyejinyonga yeye, aliyeokotwa mtaroni yeye, anafika, anapiga, anaondoka, kupiga, neno hilohilo wanalotumia kwa risasi na kwa kura... "Nicheke au nisicheke?" Mkuu anauliza, "Kidogo," anasema shemeji, "uonekane baba wa watu," na yale meno yanatoka, na koplo anarudi sokoni, hataki lakini amesharudi, ni mwaka juzi, asubuhi ile ya kuwaondoa mafundi na wauza mitumba kando ya soko la zamani, moshi wa mabomu ya machozi unawasha macho, viatu vimetapakaa barabara nzima, vya kushoto bila vya kulia, na ndani ya kibanda cha mbao fundi viatu kalala chali, fundi mwenyewe yule mguu mmoja mfupi, aliyemshonea koplo buti hizihizi alizovaa leo, amepigwa risasi ya tumbo, na yuko hai, koplo akapiga picha ya kwanza kwa mazoea tu, kabla hajaelewa kwamba yuko hai, macho yamefunguka, na mkono wa kulia umeshika sindano, ile ndefu ya kushonea soli, uzi bado umening'inia, "Kaka," fundi akasema, "maji," na chupa ilikuwamo kwenye mkoba wa kamera, nusu nzima ya chupa, koplo akamtazama Mkuu, na Mkuu alikuwa anaongea na simu, anasema hali shwari, mheshimiwa, hali shwari kabisa, na buti lake la kushoto lilikuwa juu ya lile tumbo, wala si kwa hasira, kama mtu anavyopumzisha mguu kwenye ngazi, na kila aliposema shwari aliegemea kidogo, na kila alipoegemea fundi alitoa sauti, si ya mtu, kama ya mlango mbovu, Mkuu akaziba simu kwa kiganja akasema, "Koplo, ngoja kwanza, huyu bado," na akangoja, ndiyo, akangoja, akasafisha lenzi... "Koplo," anasema Mkuu sasa, kidevu bado kiko juu, sauti ya upole kama anaulizia hali ya nyumbani, "zile picha za sokoni, zote ulikabidhi?" "Zote, Mkuu." "Hakuna hata moja iliyobakibaki mahali?" "Hakuna, Mkuu." "Maana watu sasa wataanza kuchimbachimba," anadakia shemeji, "mtu akitajwatajwa tu, basi, chimbachimba," na Mkuu anasema, "Mimi nikienda manispaa, nasema *nikienda*, nitahitaji mtu wa picha, ofisi yake, gari lake, uachane na maiti, mke wako atapenda," na koplo anasema ahsante Mkuu, na kadi ya kamera yenye ile picha ya kwanza iko ndani ya mkoba wa kamera, imeshonewa chini ya bitana, na mkoba uko hapo sakafuni, hatua moja kutoka kwenye kiatu kipya cha Mkuu, akinyoosha mguu anaugusa, nyoosha, nyoosha basi, uone stendi itakavyoshuka, safari hii si mdomo, ni utosi, mara moja tu, fuvu linapasuka kama chungu, na huyu mwalimu na brashi yake atapiga kelele, apige, mji mzima usikie, na kwa nini basi hukuitoa hiyo kadi mwaka mzima na nusu, kwa woga, jibu liko wazi, woga wa Mkuu, mjane wa fundi alikuja kituoni kudai mwili, akawekewa karatasi atie dole gumba kwamba mumewe alikuwa jambazi mwenye panga, picha hiyo hapo mama, si unaona panga mkononi, mama wa watu akaitazama picha, akasema, "Mume wangu hakuwa na panga, alikuwa na sindano," na koplo alikuwa amesimama mlangoni, akatazama ukuta, tangu siku ile koplo akimwona mama huyo kwenye kibarua chake nyuma ya mashine ya kusaga unga, anavuka barabara kumkwepa, kwa woga, woga wa Mkuu, Mkuu ndiye, kila kitu Mkuu, waliitoa sindano wakaweka panga, waliitoa... nani aliitoa, yule konstebo aliyeleta panga, konstebo alilitupa panga kando akakimbilia nyuma ya gari kutapika, hakugusa vidole, Mkuu mkono mmoja ulikuwa na simu na mwingine mfukoni, basi nani, nani aliyepiga goti, nani aliyesema moyoni sindano hii inaharibu picha, hakuna aliyemwamuru, hakuna aliyesema toa, na fundi alikuwa bado anapumua, Mungu wangu, aliishikilia kwa nguvu zote zilizombakia, ikabidi vidole vifunuliwe kimoja kimoja, na fundi alimtazama, hakuomba maji tena, alimtazama kama mtu anayemtambua mteja wake, na kidole gumba kilikataa, kikavutwa, kikalia ko, kilivunjika mkononi mwake yeye, yeye koplo, joto lake bado analijua, ndiyo maana kadi ikashonewa kwenye bitana, picha ya kwanza sindano, ya pili panga, mwenye akili atauliza katikati yake palipita mkono wa nani... "Piga basi, bwana, shingo inauma," anasema Mkuu, na koplo anaitafuta ile hasira, anaitafuta kwa pupa, anainua stendi kichwani mwake ampasue mtu, lakini mbele yake wamekaa wawili, Mkuu na yeye mwenyewe, na hajui aanze na yupi, anabonyeza, taa inamulika, "Tuone, tuone," anasema shemeji, "loh, meya mtarajiwa kabisa," na wanacheka wote watatu, na redioni wa tatu au wa nne anauliza atagombea au hatagombea, "Moja zaidi," anasema Mkuu, na anakaa vilevile, kidevu vilevile, na koplo anainama, jicho kwenye lenzi, na moyoni tayari ameshavuka barabara kumwendea mjane, amesimama nyuma ya mashine ya kusaga, hana salamu, hana kofia, mama, anasema, nitakupa kadi, lakini sikiliza kwanza, nikianza na Mkuu nitakuwa nimekudanganya, naanza na kidole gumba.