Kikohozi Chini ya Kinanda

Mumewe alikuwa mtafsiri wa filamu za kutisha, zile za majumba makubwa, mishumaa na makoti meusi ya kuburuza chini, na watu wakambandika jina la Jeneza. Yeye naye akawa Mama Jeneza. Akaitwa hivyo sokoni, akaitwa hivyo kliniki, mwishowe akazoea. Tangu siku ya mazishi hakuna aliyethubutu kulitamka tena. Sasa wanamwita "dada", kwa upole unaomchoma kuliko lile jina.

Kazi yenyewe ilifanyika chumba cha nyuma cha ukumbi wa video. Magodoro yaliegemezwa kutani kuzuia kelele za barabarani, na maikrofoni ilivalishwa soksi. Filamu inakwenda kwa lugha ya wenyewe, Jeneza anasema Kiswahili juu yake. Anakuwa bwana wa jumba, anakuwa bibi harusi aliyefufuka, anakuwa mzee wa kufungua lango. Wote hao walitoka katika koo moja.

"Kwa nini hizi tu?" mkewe alimuuliza siku moja. "Za ngumi ndizo zina watu."

"Hebu mwangalie huyu." Kwenye skrini mwanamke mwenye gauni jeusi alikuwa akishuka ngazi, kashika mshumaa. "Anakwenda kufa, na anajua, lakini kachana nywele. Nyumba ina vyumba arobaini, wanaishi wawili, na bado wanagombania chumba kimoja kilichofungwa. Sisi tutakufa na soksi moja, mke wangu, ile nyingine iko kwenye maikrofoni."

Alicheka mpaka akashika mbavu.

Jeneza alikufa amevaa gauni la hospitali, lile la kufungwa kwa kamba mgongoni, na kamba moja ilikuwa imekatika. Hapakuwa na radi wala mshumaa. Palikuwa na taa iliyopepesa kama jicho lenye kibanzi, na mgonjwa wa kitanda cha pili akiomba maji.

Nyumbani hakuwa mtu wa maneno. Sauti ni ya kazini, alikuwa akisema. Kwa hiyo binti yao, Kidoti, alipoanza kuuliza, "Mama, baba alikuwa anaongeaje?" mama hakuwa na cha kumsikilizisha. Picha zilikuwepo, na picha haziongei. Alijaribu kuigiza mwenyewe, mtoto akamcheka. Akaona mtoto anamsahau baba yake hivihivi, mbele ya macho yake. Ndipo alipojikaza, akamshika mkono, wakaenda ukumbini mchana, kabla watu hawajaja. Hakuwa amekanyaga pale tangu msiba.

Ukumbi sasa ulikuwa wa shemeji yake, mdogo wake Jeneza. Aliwapokea kwa furaha, akawafutia benchi kwa kiganja.

"Shemeji, nitafutie filamu yake moja tu. Mtoto amsikie."

Shemeji alisita kidogo, kisha akawasha.

Bwana wa jumba akafungua kinywa, na sauti ikajaa ukumbi. Kidoti akaruka. "Ni baba! Mama, ni baba!"

Machozi yakamtoka mama. Lakini sentensi ya tatu ilipoisha, machozi yakakatika. Jeneza alikuwa akimeza mwisho wa maneno, kama mtu anayefunga mlango taratibu asiamshe waliolala. Huyu alimalizia kila neno.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Huyu siye kaka."

"Ndiyo nakuuliza. Kama si kaka yako, ni nani?"

Shemeji akatazama sakafu. "Watazamaji walikuwa wanacheka, shemeji. Unazijua zile za mwisho, alivyokuwa akikohoa. Kaka akikohoa, ukumbi mzima unakohoa naye. 'Mizimu nayo ina kifua!' Nikashindwa kuvumilia. Nikakaa kwenye kiti chake, nikayasema maneno yake yote upya, kama alivyoyasema, bila kikohozi. Nilitaka akumbukwe akiwa mzima."

"Na zile zenye sauti yake?"

"Nilirekodi juu yake. Zote."

Mama hakupiga kelele. Angempigia nani, mtu aliyekuwa amelia kuliko yeye makaburini?

"Ila yumo," shemeji akasema haraka. "Sauti ya zamani iliyo chini hatuiondoi, tunaipunguza tu, maana tukiiondoa na muziki unapotea. Pale ninaponyamaza, ukisogea kwenye spika..."

Akasogeza filamu mpaka bwana wa jumba aliposimama kimya mbele ya jeneza la mkewe, maua meupe, kinanda kikilia. Mama akapiga magoti, akabandika sikio. Chini ya kinanda, mbali, kama mtu aliye chumba cha pili, akamsikia. Alikohoa. Akakohoa tena. Kisha akavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema, na papo hapo sauti ya mdogo wake ikamfunika.

"Rudisha."

Akarudisha. Kikohozi, pumzi, kisha sauti ya shemeji. Wakajaribu penginepo, ikawa hivyohivyo. Shemeji alikuwa amemfuata kaka yake vizuri mno, neno juu ya neno, hakuacha hata upenyo.

"Kidoti, njoo umsikie baba."

Mtoto akabandika sikio, akasikiliza, akajitoa. "Huyo babu anaumwa. Mimi nataka baba yule wa kwanza."

Shemeji akaweka kidole kwenye swichi. "Nizime?"

Mama akaondoa sikio kwenye spika.

"Mwekee anayemtaka."

Mwanamke mwenye gauni jeusi akashuka ngazi, nywele zimechanwa. Kutoka gizani bwana wa jumba akaita, "Mwanangu, uko wapi?"

"Niko hapa, baba," Kidoti akaitikia, akitabasamu.

Mama akafumba macho. Alitaka kuyasikia maneno hayo kama Jeneza alivyoyasema, mwisho ukimezwa, mlango ukifungwa taratibu. Akajaribu, akajaribu tena. Kichwani mwake ilikuja sauti ya shemeji, safi, ikimalizia kila neno.