Ole Ngurumo Hana Mama

Jumamosi ya tatu ya Mei, saa nane na nusu mchana, Lerionka, mlinzi, alikuwa kwenye kibanda cha geti huko Kimandolu akiandika namba za magari ya wageni. Hope, daktari wa meno, aliingia kwanza. Abdiel, mtu wa bima, akafuata na kukanyaga maua yaleyale aliyokanyaga wiki iliyopita. Anande, mhadhiri, alishuka kwenye bodaboda akiwa na begi la vitabu, akapita bila salamu kwa sababu alikuwa anawaza. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi na Mlima Meru haukuonekana.

Wote walikuja kwa Rodrick, wakili, mwenye nyumba, kucheza mchezo alioujulia Ulaya alikokwenda kusoma. Unachezwa mezani. Kila mchezaji anamtunga mtu na kumwandikia karatasi yake: jina, nguvu, akili, silaha, tabia. Msimulizi, ambaye ni Anande, anaeleza mahali walipo na hatari iliyopo, na mchezaji anasema mtu wake anafanya nini. Kete yenye pande ishirini inaamua kama ameweza. Watu wazima wanne wenye shahada saba kwa jumla walifanya hivyo kila Jumamosi tangu mwaka juzi, na waliiita sanaa.

Kila mmoja alikuwa na namna yake. Abdiel alijali kete tu. Mtu wake alikaa miezi minne bila jina na hakuna aliyegundua. Hope alimzungumzia wake kwa mbali, kama anayesoma faili la mgonjwa: "Anafungua mlango. Anaogopa kidogo." Aliyesifiwa ni Rodrick. Yeye aliingia ndani ya mtu wake mzimamzima. Alijifunga kitambaa cha meza begani, akasimama kwa mguu mmoja karibu na friji, akageuza sauti. Mtu huyo aliitwa Ole Ngurumo, jina ambalo nusu yake ni la Kimaasai na nusu nyingine Rodrick aliiokota ilipokuwa karibu.

"Ero, mimi hapana jua lifti," Rodrick alisema kwa sauti hiyo. Ero, neno la kumwita kijana, ndilo pekee la Kimaasai alilolijua. "Mimi najua ng'ombe tu."

Wenzake walicheka mpaka wakafuta machozi. Karatasi ilisema: nguvu kumi na nane, akili sita, chakula damu, kusoma hajui.

Ole Ngurumo mwenyewe, yule wa kwenye karatasi, alifika getini saa tisa kamili. Lerionka alimwona akija kwa miguu kutoka barabarani, mrefu kuliko ukuta, ameshika mkuki, shuka lake jekundu likiwa kavu kwenye mvua. Alimsalimu kwa Kimaasai, lugha aliyozaliwa nayo magharibi ya mlima, ambako bado analima mahindi na kufuga ng'ombe wanne. Mgeni hakuelewa.

"Ero," alisema.

Lerionka akahamia Kiswahili. "Unatoka wapi?"

"Kwa Rodrick."

"Na unakwenda kwa nani?"

"Kwa Rodrick."

Lerionka aliandika yote mawili kwenye daftari la wageni, akamwekea wino wa dole gumba mahali pa sahihi, akamfungulia.

Sebuleni Abdiel alichukua karatasi akamlinganisha mgeni nayo, urefu, kovu, mkuki. "Ni yeye," alisema. Hope akamsogezea kiti. Walitoka naye uani, wakarusha kete, ikaonyesha kumi na saba, naye akarusha mkuki ukazama kwenye mparachichi. Anande alimpongeza Rodrick kwa uandishi wake. Rodrick alisema si kitu, siri ni kumheshimu mhusika.

Ole Ngurumo hakuondoka. Mchana alisimama getini kwa mguu mmoja, kwa sababu ndivyo alivyotungwa, na majirani walikuja kupiga naye picha. Rodrick, ambaye kwa miaka sita alimwita Lerionka "Masai", sasa aliona jina hilo linachanganya, akaanza kumwita "yule mwingine".

Wawili hao walikaa pamoja siku nyingi. Siku ya nne Lerionka alifungua kopo la loshoro aliyopikiwa na mkewe, Nashilu, mahindi na maziwa ya mgando, akamgawia nusu.

"Mimi nakunywa damu," Ole Ngurumo alisema.

"Umeshawahi kuinywa?"

"Hapana. Imeandikwa tu."

Lerionka alikula kidogo. "Mama yako ni nani?"

Ole Ngurumo alishusha mguu. Alifikiri kwa muda mrefu, kadiri akili sita zilivyomruhusu.

"Haijaandikwa," alisema.

Siku ile hakupandisha mguu tena mpaka jua lilipozama. Rodrick aliporudi kutoka kazini Lerionka alimsubiri kwenye ngazi, ameshika kofia.

"Bosi, nina ombi."

"Kama ni ruhusa ya kwaya, nenda."

"Siyo kwaya. Ni huyu kijana. Naomba umwandikie mama."

"Mama wa nini?"

"Wa kumzaa. Na umwandikie Kimaasai, hata kidogo, tuweze kuongea. Anakaa pale kutwa anasema ero, na anajua kwamba hana neno lingine. Inamuumiza."

Rodrick alicheka kwa upole, kama anavyocheka na mashahidi. "Wewe hujui mambo ya utunzi. Nikimpa mama atakuwa kama mtu yeyote. Atapoteza uhalisia."

"Mimi nina mama, bosi."

"Ndiyo maana," Rodrick alisema, akaingia ndani.

Usiku huohuo alichukua penseli akaongeza mstari kwenye karatasi: anafungua na kufunga geti. Asubuhi Ole Ngurumo alilifungua bila kufundishwa. Mwisho wa mwezi Rodrick alimwita Lerionka.

"Sina tatizo na wewe hata kidogo. Lakini wageni wanafika hapa wanakukuta umevaa miwani, unasoma gazeti."

"Miwani ni ya kusomea, bosi."

"Basi. Umeelewa mwenyewe."

Lerionka alivua koti la ulinzi, akalikunja, akaliacha kibandani. Alimkabidhi Ole Ngurumo funguo na tochi. Kisha akamshika mkono, kama wanaume wanavyoagana kwao.

"Wakikuuliza, sema mama yako anaitwa Namelok," alimwambia. "Ni jina la mama yangu. Hatakasirika."

Ole Ngurumo alifungua mdomo. Midomo ilijaribu kulikamata jina, shingo ikasimama mishipa, macho yakamtoka.

"Ero," alisema.

"Haya," Lerionka alisema, akaondoka kwa miguu.

Mwezi wa nane alipata habari kwamba hoteli moja ya kando ya ziwa kule Momela inatafuta watu. Meneja, Hedwiga, alisoma cheti chake cha kidato cha nne na barua ya mchungaji, akampima kwa macho kuanzia viatu.

"Nilikuwa nataka Wamaasai wa kupokea wageni," alisema.

"Mimi Mwarusha, mama. Kimaasai ndiyo lugha yangu."

"Najua, baba. Lakini huongei hivyo. Unaongea kama karani." Aliinua pazia amwonyeshe. Kwenye nyasi za mbele, kuelekea ziwani, walisimama saba, wote kwa mguu mmoja, mashuka yote rangi moja. Rodrick alikuwa amewaandika mwezi uliotangulia kwa ombi la hoteli, na kwa kuwa alikuwa na haraka alitumia karatasi ileile akibadilisha majina. "Hawa, wageni wanawaamini," Hedwiga alisema. "Kuna kazi ya mizigo, ukitaka."

Lerionka aliitaka. Nashilu alikuwa amekwishamwambia akirudi mikono mitupu asimweleze habari za heshima.

Alianza siku hiyohiyo. Saa tano asubuhi liliingia gari la familia kutoka Dar es Salaam, na Lerionka akatangulia na masanduku mawili kuelekea vyumbani, akipita mbele ya wale saba. Aliwasalimu kwa adabu. Walimjibu kwa pamoja, neno moja. Mama wa familia alikuwa amewapanga watoto miguuni mwao na kuinua simu.

"Baba, samahani," alimwambia Lerionka, "sogea kidogo. Unatuharibia picha."

Lerionka akasogea. Mama akatazama tena kwenye simu, akamwonyesha kwa mkono asogee zaidi, naye akasogea mpaka nyuma ya ukuta wa jiko, akasimama hapo na masanduku mpaka walipomaliza.